Msaada wa Pango: Fedha Pekee Hazifungui Mlango

Askari anapoajiriwa hukabidhiwa magwanda, buti na, akijaliwa bahati, chumba kambini. Siku anapostaafu hurudisha vyote vitatu. Magwanda na buti havimtishi mtu, maana nguo za kiraia zapatikana sokoni. Chumba ndicho kiachacho pengo. Mama wa nyumbani ambaye kwa miaka ishirini hakuwahi kudaiwa kodi na mtu, ghafla hujikuta mbele ya mwenye nyumba atakaye kodi ya miezi mitatu kabla ya kutoa ufunguo.

Wala jambo hili si la wastaafu peke yao. Wako askari wa jeshi na wa polisi walio kazini bado, ambao kambi haikuwatosha, wakalazimika kupanga mitaani katika vile vyumba vya safu ambavyo wakazi wa Kampala huviita mizigo. Jina hilo ni la Kiganda, lakini mpangaji asemaye Kiswahili halihitaji kufasiriwa. Kila mwisho wa mwezi huuhisi uzito wake begani.

Kwa hiyo ni halali kuuliza: je, serikali yaweza kumsaidia mtu wa kipato kidogo kulipa kodi ya nyumba? Na ikiweza, msaada huo hufanywa vipi hata umfae yule aliyekusudiwa? Nchi mbalimbali zimejibu swali hili kwa njia mbalimbali. Leo tutaitazama Marekani. Hatuichagui kwa kuwa ni tajiri, bali kwa kuwa mpango wake mkubwa wa ruzuku ya pango umekwisha timiza zaidi ya nusu karne tangu mwaka 1974, muda utoshao kuonyesha yaliyofaulu na yaliyokwama. Aidha, ndani ya mpango huo limo fungu maalumu la askari waliokwisha kuvua magwanda.

CHANZO CHAKE

Hapo awali serikali ya Marekani ilidhani kwamba dawa ya shida ya nyumba ni kujenga nyumba. Sheria ya mwaka 1937 iliziwezesha mamlaka za miji kujenga majumba ya umma na kuwapangisha watu wa kipato kidogo. Serikali kuu ililipia ujenzi, na kodi za wapangaji zikategemewa kulipia matunzo. Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Lakini majumba yalizeeka, gharama za matunzo zikapanda, na kodi zikapanda pamoja nazo, hata wapangaji wengine wakawa wanatoa zaidi ya nusu ya pato lao. Mahali pengine matunzo yaliachwa kabisa. Katika mji wa St. Louis, mtaa wa Pruitt-Igoe wenye majumba 33 ya ghorofa kumi na moja, uliofunguliwa mwaka 1954, ulianza kubomolewa mwaka 1972, kabla haujatimiza hata miaka ishirini.

Mtu mmoja aliyeliona tatizo la kodi alikuwa Seneta Edward Brooke wa jimbo la Massachusetts. Wasomaji wetu watapenda kujua kwamba Brooke naye alikuwa askari. Katika Vita Kuu ya Pili alipigana huko Italia akiwa ofisa katika kikosi cha askari weusi, na baadaye, mwaka 1966, akawa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa kwa kura za wananchi kuingia katika Seneti ya nchi hiyo. Mwaka 1969 alipitisha badiliko la sheria lililosema kwamba mpangaji wa nyumba ya umma asitozwe zaidi ya asilimia 25 ya pato lake. Mwaka 1981 kiwango hicho kilipandishwa hadi asilimia 30, na ndicho kilichozoeleka hata leo.

Tuitafakari hatua hiyo, kwa maana ndiyo msingi wa mambo yote yafuatayo. Kabla ya Brooke, swali lilikuwa: nyumba hii yagharimu kiasi gani? Baada yake, swali likawa: mtu huyu aweza kutoa kiasi gani, akabakiwa na fedha ya chakula, mavazi na karo?

Kisha ikaja sheria ya tarehe 22 Agosti 1974, iliyotiwa sahihi na Rais Gerald Ford. Kifungu cha nane, ambacho sheria hiyo ilikiingiza katika ile ya mwaka 1937, kiligeuza njia. Badala ya serikali kujenga tu, sasa iliweza pia kumlipia mpangaji sehemu ya kodi katika nyumba ya mtu binafsi. Taratibu hizo zilibadilika mara kadhaa, na mwaka 1998 zikaunganishwa kuwa mpango mmoja wa hati za pango. Hati hiyo haifungamani na jengo fulani. Humfuata mpangaji, na akihama aweza kuhama nayo.

HESABU YA MWEZI

Mpango huu uko chini ya Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, iliyoundwa mwaka 1965, lakini kazi yenyewe hufanywa na mamlaka za nyumba zipatazo 2,000 katika miji na wilaya. Mwombaji hupimwa kwa kulinganisha pato lake na pato la kati la wakazi wa eneo lake. Kwa kawaida hukubaliwa yule ambaye pato lake halizidi nusu ya pato hilo la kati, na robo tatu ya hati mpya sharti ziwaendee watu maskini zaidi, ambao pato lao halizidi asilimia 30 ya kiwango hicho au mpaka wa umaskini uliowekwa na serikali.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ieleweke. Baba, mama na watoto wawili wana pato la dola 18,000 kwa mwaka. Sheria huruhusu kupunguza kiasi fulani kwa kila mtegemezi, na kwa miaka mingi kiasi hicho kilikuwa dola 480 kwa mwaka. Kwa watoto wawili twatoa dola 960, zinabaki dola 17,040, ambazo ni dola 1,420 kwa mwezi. Asilimia 30 ya fedha hiyo ni dola 426. Hilo ndilo fungu la mpangaji. Ikiwa kodi ya nyumba pamoja na maji na umeme ni dola 1,150, mamlaka itamlipa mwenye nyumba dola 724 zilizobaki. Fedha hizo hazipiti mikononi mwa mpangaji, bali huenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba.

Je, baba akipoteza kazi, na pato likashuka hadi dola 9,000? Hesabu hurudiwa. Fungu la mpangaji hushuka hadi dola 201, na la mamlaka hupanda hadi dola 949. Hapo ndipo ilipo nguvu ya mpango huu. Pato likipungua, jamaa hawatupwi nje kwa ajili ya kodi.

Lakini serikali nayo haikufungua mkoba bila kamba. Kila mwaka wizara hutangaza kiwango cha kodi kinacholingana na bei za eneo, na kwa kawaida mamlaka huweka ukomo wake kati ya asilimia 90 na 110 ya kiwango hicho. Mpangaji akichagua nyumba inayozidi ukomo, ziada huilipa mwenyewe. Hata hivyo, anapoingia mara ya kwanza katika nyumba ya namna hiyo, haruhusiwi kujibebesha zaidi ya asilimia 40 ya pato lililohesabiwa. Sheria yamlinda dhidi ya tamaa yake mwenyewe.

Jambo jingine la kusifiwa ni ukaguzi. Kabla ya senti moja kulipwa, mkaguzi huingia nyumbani akaangalia maji, choo, umeme, ngazi, madirisha na kufuli. Nyumba ikiwa imejengwa kabla ya mwaka 1978, na katika jamaa hao mna mtoto wa chini ya miaka sita, rangi ya kuta nayo huangaliwa, kwa sababu rangi za zamani zilichanganywa na risasi, ambayo ni sumu iharibuyo ubongo wa mtoto. Mwenye nyumba akikataa kutengeneza, hapati fedha ya serikali.

FOLENI NA MLANGO

Msomaji aweza kusema sasa: basi shida imekwisha. La hasha! Huko Marekani kwenyewe, katika kila jamaa wanne wanaostahili msaada wa pango wa serikali kuu, ni mmoja tu au karibu na hapo aupataye. Sababu yake ni kwamba msaada huu si haki ya kila astahiliye. Chakula cha ruzuku hupewa kila aliyetimiza masharti, lakini fedha za pango hupangwa kila mwaka na Bunge la nchi hiyo, na zikigawanywa zikaisha, zimekwisha. Jamaa zaidi ya milioni mbili hutumia hati hizo, na nyuma yao ipo foleni ndefu. Miji mingine hufunga kabisa daftari la waombaji kwa miaka kadhaa, na linapofunguliwa majina huchaguliwa kwa bahati nasibu.

Naye aliyefika mwisho wa foleni akashika hati mkononi, bado hajashika ufunguo. Hupewa muda usiopungua siku 60 kutafuta nyumba, na mamlaka yaweza kumwongezea. Sharti apate nyumba isiyozidi ukomo, itakayopita katika ukaguzi, na ambayo mwenyewe yu radhi kuipokea hati. Utafiti wa mwaka 2000 uliofanywa kwa ajili ya wizara ulikuta kwamba katika miji, asilimia 69 tu ya waliopewa hati walifaulu kupanga nyumba. Waliobaki walizirudisha, wakaanza upya kama kwamba hawakupata kitu.

Kwa nini mwenye nyumba akatae fedha ya serikali, ambayo haicheleweshwi na ugonjwa wala ulevi wa mpangaji? Wengine huchoshwa na ukaguzi na karatasi. Wengine husubiri mpangaji wa bei ya juu. Na wengine, tuseme kweli, huwadharau maskini, au huificha chuki ya rangi nyuma ya kisingizio cha hati. Sheria ya serikali kuu haimlazimishi mwenye nyumba wa kawaida kuipokea. Baadhi ya majimbo yameziba mwanya huo. Washington ilipitisha sheria mwaka 2018, na sheria ya California ikaanza kutumika mwaka 2020, zote zikikataza kumkataa mtu kwa sababu tu kodi yake hulipwa kwa hati.

Somo la namna hiyo lilionekana pia wakati wa maradhi ya korona. Kati ya Desemba 2020 na Machi 2021, Marekani ilitenga zaidi ya dola bilioni 46 kwa ajili ya wapangaji waliokosa kodi. Lakini hadi mwisho wa Juni 2021, katika fungu la kwanza la dola bilioni 25, zilikuwa zimelipwa zipatazo bilioni tatu tu. Ofisi nyingi zilikuwa zikianza kazi hiyo kwa mara ya kwanza, na waombaji walidaiwa vyeti na uthibitisho ambao mtu aliyepoteza kibarua hana. Baadaye masharti yalilegezwa na fedha zikaenda kwa kasi, lakini siku za kungoja zilikuwa zimekwisha kuwaumiza wengi. Chakula kilicho juu ya dari hakimshibishi aliye sakafuni, hata kikiwa kingi.

ASKARI WALIOVUA MAGWANDA

Askari wa Marekani aliye kazini, akiwa hakupewa nyumba ya jeshi, hulipwa posho ya makazi. Posho hiyo hutegemea cheo chake, mahali alipo, na kama ana wategemezi au hana. Hiyo si sadaka, bali ni sehemu ya ujira wake. Tatizo huanza anapoondoka jeshini. Baada ya vita vya Vietnam, na tena baada ya vita vya Iraki na Afghanistan, wananchi waliona aibu kuwakuta wamelala mitaani watu waliokuwa wamelala mahandakini kwa ajili ya taifa.

Mwaka 1992 wizara ya nyumba na idara ya askari wa zamani zilianzisha mpango wa pamoja, na mwaka 2008 mpango huo ukapanuliwa sana, hata hati zilizotolewa tangu hapo zikapita 100,000. Tofauti yake na hati za kawaida ni kubwa. Askari wa zamani asiye na makazi hapewi karatasi akaambiwa aende akatafute. Hupewa pia mshauri kutoka idara ya askari wa zamani, ambaye humsaidia kutafuta nyumba, huzungumza na mwenye nyumba, humpeleka hospitali akiwa mgonjwa wa mwili au wa akili, na huendelea kumtembelea baada ya kuhamia.

Matokeo yake yalionekana. Mwaka 2010 askari wa zamani waliohesabiwa kuwa hawana makazi katika usiku mmoja walikuwa zaidi ya 74,000. Katika hesabu ya Januari 2024 walikuwa chini ya 33,000. Mambo mengine pia yalichangia, lakini si rahisi kuipuuza nguvu ya hati iliyofuatana na mtu wa kuisimamia. Ajabu nyingine ni ya jimbo la Texas. Mwaka 2015 jimbo hilo lilizuia miji yake kuwalazimisha wenye nyumba kupokea hati, lakini sheria hiyohiyo ikaacha mlango wazi kwa miji itakayo kuwalinda askari wa zamani.

FAIDA KWA WATOTO

Kwa kuwa ukurasa huu ni wa jamaa nzima, hatuna budi kuwataja watoto. Mwaka 1994 Marekani ilianza jaribio katika miji mitano: Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York. Jamaa wapatao 4,600 waliokaa katika majumba ya umma yenye umaskini mwingi waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa hati za kuhamia mitaa yenye maskini wachache, wengine hati za kawaida, na wengine hawakupewa. Wataalamu wa uchumi walipowafuatilia watoto hao ukubwani, walikuta kwamba waliohamia mitaa hiyo wakiwa chini ya miaka 13 walipata pato lililozidi la wenzao kwa asilimia 31 hivi. Waliohamishwa wakiwa wakubwa zaidi hawakupata faida hiyo. Mtaa alelewamo mtoto ni shule ya pili, na shule hiyo ina umri wake.

SISI TUJIFUNZE NINI

Hapa kwetu hakuna hati ya namna hiyo. Tunayo Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022, ambayo yasema kodi isiongezwe kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na kwamba itajwe kwa shilingi ila pande mbili zikikubaliana vingine. Sheria hiyo yamlinda mpangaji asipandishiwe ovyo, lakini haimlipii. Hata hivyo yapo mambo tunayoweza kuyachukua kutoka kwa wenzetu bila kungoja fedha za mtu.

La kwanza ni kipimo cha asilimia 30. Baba na mama wakae pamoja, waandike pato la mwezi, kisha watafute fungu hilo. Mwenye pato la shilingi 600,000 fungu lake ni 180,000. Asisahau kwamba kodi hiyo ikipandishwa kwa kiwango kamili cha sheria, mwaka wa pili itakuwa 198,000 na mwaka wa tatu 217,800, ilhali pengine mshahara umesimama palepale. Na askari anayekaribia kustaafu apige hesabu kwa pensheni yake, si kwa mshahara anaoupokea leo.

La pili ni ukaguzi. Kabla ya kutoa kodi ya miezi mitatu, mama aingie chumbani mchana na tena baada ya mvua. Aangalie kama paa lavuja, choo ni cha watu wangapi, maji yatoka wapi, na kufuli lafunga. Mwenye nyumba husikiliza vizuri kabla hajapokea fedha kuliko baada ya kuzipokea.

La tatu ni maandishi. Mapatano yaandikwe na pande mbili zitie sahihi, na kila malipo yawe na risiti. Mali bila daftari hupotea bila habari.

La nne ni kutangulia kujiandaa. Vyama vya akiba na mikopo, kama Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi, vipo ili askari ajitayarishie makazi wakati mshahara bado unaingia. Kiwanja kidogo kilicholipiwa polepole chafaa kuliko malipo ya kustaafu yanayoliwa na kodi mwezi baada ya mwezi.

Na ikiwa siku moja viongozi wetu watapanga kuwasaidia wapangaji wa kipato kidogo, wakianza na wastaafu wa majeshi au wajane wa askari waliokufa kazini, habari za Marekani zimekwisha waonyesha penye mashimo. Wapime msaada kwa pato la mtu. Wahakikishe nyumba zipo na wenye nyumba wako tayari kuzitoa. Wapunguze karatasi, kwa maana mwenye shida hana kabati la vyeti. Na pamoja na fedha, watoe mtu wa kumshika mkono yule asaidiwaye mpaka ufunguo uwe mfukoni mwake.